Mfungwa wa Kuazima

Nchi yetu kwa sasa haina jina. Lile la zamani lilipelekwa makao makuu kufanyiwa ukarabati na bado halijarudi. Hilo lisikusumbue, msomaji. Tunaishi vizuri tu bila jina, na ukitaka kutuandikia barua, juu ya bahasha andika "Nchini". Itafika, itafunguliwa, na itasomwa na watu wengi zaidi ya uliowakusudia.

Mimi ni Afisa Habari wa Wilaya ya Msituni. Kazi yangu ni kuandika mambo yaliyotokea kwa namna ambayo haitamuudhi yeyote aliyeyatenda. Wilaya yenyewe ni msitu mtupu, tena msitu wa mvua, ambao miti yake imepanda mpaka ikaziba mbingu, na chini yake hata saa sita mchana mwanga ni wa kijani na kila kitu kimelowa. Majani hudondoka mwaka mzima bila kungoja msimu. Magogo huoza palepale yalipoangukia, na mgongoni mwake huota uyoga wa kila rangi. Mimea huota juu ya mimea mingine bila kuomba kibali. Mbega hutupa maganda ya matunda popote wapendapo, vyura huimba juu mitini badala ya mtoni, na hondohondo, yule ndege mwenye mdomo mkubwa kuliko kichwa chake, hulia kama mtoto aliyenyimwa titi. Viongozi wa juu walikuwa hawajawahi kufika kwetu, na tulikuwa tukilala vizuri.

Usingizi huo ulikwisha siku simu ya upepo ilipokoroma ofisini kwa Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Lukindo. Aliipokea akiwa amesimama, kwa kuwa sauti ya makao makuu haisikilizwi na mtu aliyekaa.

"Mtukufu Mlezi wa Taifa atazuru msitu wenu wakati wowote kuanzia sasa," ikasema simu. "Wageni kutoka ng'ambo wataandamana naye. Msitu uwe safi. Kwisha."

Mheshimiwa akaishika ile simu kifuani muda mrefu. "Wakati wowote kuanzia sasa," akarudia. Kisha akatazama dirishani kwa haraka, kana kwamba msafara ungekuwa tayari umeegeshwa chini ya mvule. Tangu saa ile hakuketi tena. Alikula wima, akatia saini wima, na alipochoka aliegemea kabati la majalada akiwa ameuelekeza uso barabarani. Nasi wa chini yake tukaona aibu kuketi, tukasimama pia. Ofisi nzima ikawa inazungukazunguka, mtu akiuliza saa, mwingine akiuliza kama kuna aliyesikia honi.

*

Kesho yake akafika Afisa Itifaki kutoka makao makuu. Huyu ni bwana mwembamba ambaye viatu vyake havijui tope, na kazi yake ni kuhakikisha kwamba Mtukufu haoni kitu ambacho hakikuandaliwa. Tulimwingiza msituni. Alitembea hatua chache, akasimama, akaweka leso puani.

"Nani anaishi hapa?" akauliza.

"Hakuna mtu, Mheshimiwa. Ni msitu," akasema Mkuu wetu.

"Basi huu uchafu wote ni wa nani?"

Kwa kweli tulikuwa tumepita humo maisha yetu yote bila kuuona huo uchafu, na sasa alipotuonyesha tukaona haya. Majani makavu yalikuwa yametapakaa hadi upeo wa macho, tabaka juu ya tabaka, na ya chini yalikuwa yameoza kabisa na kuwa meusi. Afisa Itifaki alichokonoa kwa ncha ya mwavuli, wakatoka jongoo, konokono, na mdudu mmoja mwenye pembe ambaye hakumsalimia mtu.

Mheshimiwa Lukindo akapanda juu ya gogo na kuhutubia watumishi. "Ndugu wananchi! Kwa miaka mingi msitu huu umekuwa ukijiangushia majani bila mtu wa kuuwajibisha. Enzi hizo zimepita! Kila jani lililoko chini liondoke chini. Kila gogo lililolala lisimamishwe au liondolewe. Na kamba hizi zinazoning'inia ovyo, zikatwe zilingane urefu, mgeni asije akadhani hatuna rula!"

Tukapiga makofi. Gogo likapasuka chini yake kwa kuoza, akazama mpaka magotini, tukapiga makofi tena tukidhani ni sehemu ya hotuba.

Basi wilaya nzima ikashika mafagio. Walimu walifagia, wauguzi walifagia, hata hakimu alifagia akiwa na joho lake. Nyuma yao walifuata wapaka chokaa, maana kwetu mti ambao haujapakwa chokaa hadi usawa wa kiuno hauhesabiwi kuwa uko tayari kumpokea kiongozi. Mawe yalipakwa, mizizi ikapakwa, na kobe mmoja aliyechelewa kuondoka akapakwa pia. Vinyonga walitusumbua sana. Afisa Itifaki alikuwa ameagiza wawe kijani, rangi ya bendera, nao kila tulipowapanga juu ya matawi yaliyopakwa chokaa wakageuka weupe. Siafu peke yao walisifiwa kwa kutembea kwenye mstari, wakapendekezwa kuwa gwaride la heshima, mpaka walipoingia kwenye suruali ya mkuu wa gwaride.

Lakini msitu ule haukuwa na adabu. Ulipofagia mbele, nyuma yako jani lilianguka. Ukiligeukia hilo, mbele likaanguka jingine. Mvua ya jioni ikaosha chokaa yote ikaingia kijitoni, na asubuhi tukaanza upya. Watu walikonda. Mtu ukimsalimia alikuitikia huku macho yake yakitazama juu, akisubiri jani.

*

Ilikuwa katika pilikapilika hizo Afisa Itifaki alipouliza, "Na mfungwa wenu yuko wapi?"

Hapa sina budi kueleza desturi yetu, maana wa nje huenda hawaijui. Kila Mtukufu anapozuru wilaya, humsamehe mfungwa mmoja hadharani. Ni mmoja tu. Kusamehe wawili kungekuwa udhaifu, na kutosamehe hata mmoja kungekuwa ukatili, na Mtukufu hana hata kimoja kati ya hivyo. Wananchi hulia kwa furaha, mfungwa hulia, na picha hutoka gazetini.

"Hatuna mfungwa," Mheshimiwa Lukindo akasema kwa sauti ndogo. "Wala hatuna mahabusu. Wilaya yetu ni ya amani."

Afisa Itifaki alimtazama kwa masikitiko. "Kwa hiyo Mtukufu aje mpaka huku, akose wa kumsamehe?"

Palepale Mheshimiwa akaagiza aitwe Fundi Kilango, ambaye kwa kukandika nyumba za fito na udongo hakuna wa kumfikia kwetu. Fundi alikuja na fito zake. Kazi ilikuwa ngumu kwake wiki ile, kwa sababu ukuta mmoja wa nyumba yake mwenyewe ulikuwa umeangushwa na mvua, na mkewe, Mama Mbonea, alikuwa ametundika mkeka pale palipokuwa ukuta ili mvua isiwafikie watoto. Lakini serikali ikiita, mtu huenda. Akajenga mahabusu nzuri katika uwanja mdogo katikati ya msitu, chini ya mvule mkubwa. Ilikuwa na mlango wa mbao, kufuli jipya, na kidirisha kidogo kuliko bakuli. Afisa Itifaki akaigonga kwa mwavuli akaridhika nayo.

"Sasa mfungwa," akasema.

Tukatazamana. Hakimu akachunguza fagio lake. Fundi Kilango alikuwa pembeni akinawa udongo mikononi, anapiga mluzi, mtu aliyemaliza kazi yake na anayefikiria kwenda kwake. Mheshimiwa akamtazama, uso ukamchangamka.

"Fundi, wewe ni mzalendo?"

"Nadhani ndiyo, Mheshimiwa."

"Tunakuazima. Utaingia humo, Mtukufu akija atakusamehe, utatoka. Siku moja tu, pengine nusu."

Fundi Kilango ni mtu mwema. Ukimwomba moto atakupa na kuni. Alicheka, akatikisa kichwa, akasema kama ni kuisaidia wilaya basi haina neno, ila apelekewe ujumbe Mama Mbonea asije akampikia chakula cha jioni bure. Akainama, akaingia. Kufuli likabana.

Ikabaki kosa. Hakimu akaacha kufagia, akashauri wizi, lakini Fundi akasema kutoka ndani kwamba watoto wake wangeona aibu. Uchochezi ulikuwa mkubwa mno kwa wilaya ndogo. Mwishoni hakimu akaandika kwamba mshtakiwa alikutwa ndani ya mahabusu bila maelezo ya kuridhisha. Kila mtu alikubali kwamba hilo halipingiki.

Mama Mbonea alifika mbio, unga bado uko mikononi.

"Baba Mbonea! Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu, mke wangu. Nimeazimwa."

"Umeazimwa? Wewe ni sufuria?" Akamgeukia Mheshimiwa. "Baba, nyumba yangu iko wazi upande mmoja. Usiku watoto wanalowa. Nani ataniwekea ukuta?"

"Mama, vumilia," Mheshimiwa akamwambia kwa upole. "Mtukufu anakuja wakati wowote kuanzia sasa."

*

Mtukufu hakuja siku ile. Hakuja wiki ile. Simu ya upepo ilikoroma mara nyingi, na kila mara tulikimbia huku na huko na mafagio, lakini habari ilikuwa ni ileile: ziara ipo, ila imesogea kidogo. Mwezi ukaandama, ukafa, ukaandama mwingine.

Mama Mbonea alikuwa akija kila siku na bakuli la kande. Alisimama kwenye kidirisha akampitishia mumewe tonge kwa tonge, kwa kuwa bakuli lenyewe halikupenya. Fundi alikuwa ameanza kukohoa, maana ukuta wa udongo mbichi ndani ya msitu wa mvua haukauki, na alikuwa analala akiuegemea. Ndevu zilikuwa zimemjaa. Hakupiga mluzi tena.

Alikwenda mama huyo kwa Mheshimiwa akaomba mumewe aachiwe hata kwa siku chache, akandike ukuta, arudi.

"Nikimwachia mimi," Mheshimiwa akamweleza, bado amesimama, "nitakuwa nimempora Mtukufu msamaha wake. Hilo ni kosa kubwa. Nitafungwa."

"Si ndiyo vizuri, baba? Akija atakusamehe wewe."

Mheshimiwa alikohoa, akatazama barabarani. Moyo uliniuma kumwona yule mama akifunga kanga yake na kuondoka, lakini kuumwa moyo si habari, kwa hiyo sikuandika.

Wakati huo usafi ulikuwa umefanikiwa kupita kiasi. Ardhi ya msituni ilikuwa imefagiliwa mpaka ikabaki nyekundu na tupu, ngumu kama uwanja wa shule. Wale jongoo na konokono walikuwa wametoweka, na uyoga haukuota tena. Miti mikubwa ilianza kugeuka manjano juu kabisa, kitu ambacho wazee hawakuwahi kukiona. Mvua ikinyesha haikuwa na pa kuzama, ikakimbia na udongo wote mpaka kijitoni, na kijito kikawa chekundu. Wanawake walilalamika kwamba maji hayafai kupikia. Mimi niliandika kwamba kijito chetu nacho kimejipamba kumpokea Mtukufu.

*

Hatimaye akaja. Magari yalikuwa mengi kiasi kwamba la kwanza lilipofika uwanjani la mwisho lilikuwa bado linatoka mjini. Mtukufu Mlezi wa Taifa aliteremka juu ya zulia, akaketi kwenye kiti kilichobebwa kutoka ikulu, na nyuma yake wakajipanga wageni wa ng'ambo wanaojiita Marafiki wa Misitu, kila mmoja na kamera yake shingoni. Mbega walikuwa wamefukuzwa tangu alfajiri. Vinyonga walikuwa ndani ya gunia.

Fundi Kilango aliweka uso kwenye kidirisha. Mkewe alikuwa amesimama nje yake, bakuli lilelile la kande miguuni, maana hakuna aliyemwambia kwamba siku ya msamaha mfungwa huwa halishwi, na mumewe alikuwa na njaa. Alikuwa amevaa kanga mpya. Mkono mmoja alishika tonge, mwingine alishika nguo safi za mumewe alizozikunja vizuri, za kuvaa akitoka. Nilimwona akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu mambo hayo yaanze.

Mtukufu alihutubia. "Miti hii," alisema, "niliipanda mimi." Tukapiga makofi, ingawa mvule ule ulikuwa mkubwa kabla babu yake hajazaliwa. "Mvua hii niliiagiza mimi." Tukapiga makofi zaidi. Alikuwa anakaribia sehemu ya msamaha, na Mheshimiwa Lukindo ameshika ufunguo wa kufuli kwa mikono miwili, pale hondohondo dume alipotua juu ya mvule.

Alikuwa na tunda mdomoni. Alisogea kwenye tundu la mti lililozibwa kwa udongo, likaachwa ufa mwembamba tu. Ndani ya ufa ikatokea ncha ya mdomo mwingine, ikapokea tunda. Dume akacheua la pili, akalipitisha. Kamera zote zikainuka.

Mgeni mmoja, mama mwenye kofia pana, akauliza kupitia kwa mkalimani ni nini kile. Afisa Itifaki hakuwa ameandaa hondohondo, kwa hiyo alijibu haraka. "Ni ndege anamlisha mkewe, ambaye amefungiwa ndani."

"Amefungiwa?" Yule mama akashika kifua. "Kwa kosa gani?"

Swali hilo halijazoeleka nchini kwetu. Kila mtoto wa wilaya yetu anajua kwamba hondohondo jike hujiziba mwenyewe tunduni, akalalia mayai humo salama mpaka vifaranga wakue, na dume humhudumia kwa uaminifu ambao waume wengi wangejifunza. Lakini nani angemkatiza Mtukufu, ambaye alikuwa tayari ameinuka kitini, uso umemwiva kwa hasira ya haki?

"Katika nchi yangu!" akanguruma. "Katika nchi yangu hakuna kiumbe atakayefungiwa kwenye kijumba cha udongo bila mashtaka, akilishwa kwa kitundu, eti kwa sababu hana mtetezi! Haikubaliki! Si kwa binadamu, si kwa ndege!"

Askari walishangilia. Wageni walilia. Ndani ya mahabusu Fundi Kilango naye alipiga makofi kwa nguvu, akiamini mambo yake yameiva, na Mama Mbonea akazikunjua zile nguo. Walikuwa chini ya mti uleule, hatua chache kutoka kwenye zulia, mkono mmoja wa mke bado uko kidirishani. Kamera zote zilikuwa zinatazama juu.

"Kwa mamlaka niliyonayo," Mtukufu akasema, "namsamehe hondohondo huyu!"

Askari wa zimamoto akapandishwa kwa ngazi na shoka. Alipasua ule udongo, akaingiza mkono, akamtoa jike. Yai likaanguka likapasuka juu ya zulia. Kikafuata kifaranga, uchi kabisa, mwekundu, nacho hakikutikisika tena. Yule jike alikuwa amepukutisha manyoya yake ya mabawa humo ndani, kama kawaida yao wakati wa kulea, kwa hiyo askari alipomrusha juu kwa ajili ya picha alikuja chini moja kwa moja, akaanguka topeni, akasimama, akaanza kutembea akiyumba kwenye ardhi iliyofagiliwa ambayo haikuwa na jani hata moja la kujificha. Dume alizunguka juu akilia. Afisa Itifaki akawaomba wageni wapige picha ya anga. Mimi niliandika kwamba aliruka.

Mheshimiwa Lukindo alijikakamua akamsogelea Afisa Itifaki na ule ufunguo. Nilisikia anavyonong'ona.

"Na mfungwa wetu?"

"Mfungwa gani?"

"Huyu tuliyemwandaa."

"Bwana Lukindo, msamaha ni mmoja. Umeshatumika." Akatazama saa yake. "Mtunzeni vizuri mpaka ziara ijayo."

Msafara ukaondoka na kiti chake na zulia lake. Mama Mbonea alibaki amesimama na zile nguo mikononi, mdomo wazi, akitazama barabara. Ndani ya kidirisha Fundi alisema, "Labda amesahau. Atarudi."

*

Kesho yake asubuhi Mama Mbonea aliingia ofisini kwa Mheshimiwa bila kupiga hodi.

"Mheshimiwa, mwandikeni mume wangu kuwa ni ndege."

Mheshimiwa alifikiri ni mzaha, lakini uso wa yule mama haukuwa na mzaha. Naye, kusema haki, alilipima jambo hilo kwa makini. Alinitazama mimi, nikamwambia kwamba sijui sheria inayokataza.

"Hawezi kuwa ndege," akasema mwishoni. "Hana mabawa."

"Na yule mliyemwachia jana anayo?"

Mheshimiwa akageukia dirisha. Nje, pembeni ya barabara, hondohondo jike alikuwa anatembea bado, peke yake, na askari wawili wakimfuata kwa mbali, kwa kuwa aliyesamehewa na Mtukufu haruhusiwi kushikwa na mtu.

"Subiri ziara ijayo, mama. Ni wakati wowote kuanzia..."

"Usimalize," akasema Mama Mbonea. "Baba, nakuomba usimalize. Watoto wangu wanakohoa kule na baba yao anakohoa huku. Nimechoka. Nimechoka nanyi nyote."

Akatoka. Nikadhani amekubali, kwa sababu wengi wakichoka huwa wanakubali. Hata hivyo miguu yangu haikutulia, nikamfuata. Alipita kwake akachukua jembe, akapita mbele ya mafagio yote mpaka uwanjani, akasimama mbele ya mahabusu na mvua ikaanza.

"Baba Mbonea, sogea pembeni."

"Unataka kufanya nini?"

"Nataka mume wangu."

"Mke wangu, ngoja. Nikitoka bila msamaha nitakuwa mhalifu."

"Utakuwa mhalifu nyumbani kwako. Ukuta utaukandika."

Kikasikika kikohozi, na sauti ya Fundi ikasema, "Hapo ulipo kuna nguzo. Piga kushoto, karibu na kona. Hapo udongo haujakauka."

Akapiga. Udongo ukamwagika kwa mabonge. Akatupa jembe akaendelea kwa mikono, huku akilia na kumtukana mtu ambaye hakumtaja, na kutoka ndani mikono mingine ikawa inavuta upande wa pili. Askari wa zamu walikuwepo. Walisimama na bunduki zao wakatazama, nami niliwauliza mbona hawafanyi kitu. Wakanieleza kwamba amri yao ni kulinda mlango, na mlango haukuguswa. Mmoja wao alikuwa anafuta macho, akasema ni mvua.

Fundi Kilango akatoka kinyumenyume, mwembamba, amepakaa udongo mwili mzima. Mkewe hakumkumbatia. Alimshika mkono tu, kwa nguvu, akamtwisha fito alizozing'oa ukutani, naye akatwaa zilizobaki. Wakaondoka hivyo, wakipita katikati ya miti ya chokaa, mpaka msitu ambao haujafagiliwa ukawafunika.

Sikuandika chochote siku hiyo. Nilifurahi, na sikujua furaha ya namna hiyo inaandikwaje.

*

Jioni ileile simu ya upepo ikakoroma. Mtukufu amefurahishwa mno na msitu wetu. Picha ya anga imetoka kwenye magazeti ya ng'ambo. Atarudi kutupongeza, na safari hii hatachelewa. Mfungwa awe tayari.

Mheshimiwa Lukindo alituita uwanjani. Askari walikuwa wameziba lile tobo vibaya, udongo umevimba huku na kubonyea kule, lakini kufuli lilikuwa palepale linang'aa. Akatueleza hali ilivyo. Hakupayuka, alikuwa mtu aliyechoka kusimama.

Hakimu akaanza kufagia. Mwalimu mkuu akasema ana mke mjamzito. Muuguzi akasema mumewe ana hasira sana. Kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kumtaja, na Mheshimiwa akawa anatikisa kichwa na kupita kwa mwingine, mpaka akafika kwangu, akasita. Alinitazama, kisha akatazama lile jembe la Mama Mbonea lililokuwa bado limelala topeni.

"Afisa Habari," akasema kwa upole, "wewe hujaoa, sivyo?"

"Sijaoa, Mheshimiwa."

"Na mama yako?"

"Alishafariki."

Akanishika bega, akanielekeza mlangoni. "Vizuri. Basi wewe hakuna atakayekufuata na jembe."